Kumi na Tisa kwa Ishirini

Jumatatu, 3 Machi
Muhula umeanza, na mvua imeanza nao. Nimefungua chumba cha vifaa saa moja na nusu. Projekta nne, zinazowaka tatu. Kamera mbili. Vipaza sauti sita, kimoja kinakwaruza. Spika zote nzima. Dari linavuja palepale pa mwaka jana, juu ya kabati la nyaya. Nimeweka ndoo na kuandika barua ya nne kwa ofisi ya matengenezo. Nakala ninayo.

Alhamisi, 6 Machi
Mvua. Ndoo imejaa mara mbili.

Jumatatu, 10 Machi
Leo nimejaribiwa kwa mara ya sitini na nne. Daftari hili ni jipya, kwa hiyo nieleze upya. Idara yetu inafundisha shahada ya uzamili ya mitaala, ufundishaji na teknolojia ya elimu. Wanaosoma ni walimu waliopewa likizo na shule zao. Kila mmoja hutengeneza somo la video, na kabla ya kulipeleka kwa wanafunzi halisi ni lazima alijaribu kwa mtu mmoja asiyeijua mada. Katika jengo hili la orofa tatu, mtu asiye na shahada na anayepatikana muda wote ni mimi mtunza vifaa. Nilimaliza kidato cha nne nikaishia hapo. Basi mwaka wa kumi na moja huu wananiketisha mbele ya skrini, wananionyesha somo, halafu wananipa karatasi ya maswali ishirini ya kuchagua jibu. Matarishi wananiita Mwanafunzi wa Kudumu. Sijali. Alama zangu zote nimezihifadhi. Ya chini kabisa ni kumi na sita.

Wa leo ni mwalimu wa jiografia, mama wa makamo, anafundisha kidato cha pili. Somo lake ni kontua, ile mistari ya kuzungukazunguka kwenye ramani inayoonyesha milima na mabonde. Dakika kumi na nane. Picha safi, sauti safi, ila anaongea kama mtu aliyeacha chungu motoni. Nimepata kumi na tisa. Amenishika mkono kwa mikono yake miwili na kusema sasa anaweza kulala. Alishaongezewa muda mara moja. Asipowasilisha tasnifu ifikapo tarehe 30 Mei, shule inamrudisha darasani na idara inafunga jalada lake. Miaka miwili inakuwa imekwenda bure.

Msimamizi wake ni yule daktari tunayemwita Marekebisho, kwa sababu hakuna karatasi iliyowahi kuingia ofisini kwake ikatoka bila neno hilo kwa kalamu nyekundu. Lakini hata yeye leo ameandika "Vizuri" pembeni ya kumi na tisa yangu.

Ijumaa, 14 Machi
Nimemwazima Mwalimu wa kontua projekta moja na spika mbili, za kuonyeshea wanafunzi wake. Amesaini.

Jumatano, 19 Machi
Mvua. Matengenezo wamekuja, lakini si kwa dari. Wamechimba shimo kubwa nyuma ya jengo kutafuta bomba, wakaacha kifusi katikati, wakaondoka. Limejaa maji.

Ijumaa, 28 Machi
Mwalimu amerudi na uso umemvimba. Wanafunzi arobaini na wawili, wastani wao saba kwa ishirini. Akaniambia spika nilizompa ni mbovu. Nikaziunganisha mbele yake, nikaongeza sauti mpaka katibu wa idara akaja kuuliza kuna nini. Hakuomba radhi. Alikaa juu ya kasha la kamera akapekua zile karatasi moja moja, kana kwamba atakuta moja ya mtoto aliyepata kumi na tisa.

Marekebisho amemwambia chombo, yaani video na maswali yake, kimeshathibitishwa kwa kumi na tisa yangu, kwa hiyo tatizo ni wanafunzi. Atafute darasa jingine.

Jumanne, 1 Aprili
Mvua.

Jumatatu, 7 Aprili
Darasa la pili limepata wastani wa sita.

Nyumbani nimemsimulia mke wangu. Yeye ni fundi cherehani, husikiliza huku sindano ziko mdomoni, kwa hiyo najua akizitoa kuna jambo. Leo alizitoa. Akaniuliza miaka hii yote nimefundishwa vitu gani. Nikamtajia nikiwa na fahari kidogo: kuchuja maji, kuhesabu mapigo ya moyo, kupanda miche, kazi za figo, kuunga waya wa plagi.

"Kuunga waya wa plagi?" alisema.

"Somo la arobaini na moja. Nilipata ishirini kwa ishirini."

"Baba watoto, pasi yangu ina waya uliong'oka tangu mwaka jana. Kila siku naenda kuazima ya jirani."

Akarudisha sindano mdomoni. Nilikwenda kuitazama pasi. Kuna nyaya tatu ndani, za rangi tatu. Nilizitazama muda mrefu. Sikujua hata moja inakwenda wapi.

Jumanne, 8 Aprili
Leo alikuwa anijaribu mwanafunzi mwingine, bwana mmoja ambaye kila picha yake ina vishale vinavyoruka kutoka pembeni. Namwita Mwenye Vishale. Somo lake ni magonjwa ya mimea. Usiku kucha pasi ilikuwa haijaniondoka kichwani, basi nikamwomba anipe karatasi ya maswali kabla ya video. Hakuona ubaya.

Nimepata kumi na saba. Kabla ya kuona hata kishale kimoja.

Naandika hapa nilivyofanya, ili nisijidanganye baadaye. Jibu refu kuliko mengine ndilo sahihi, kwa sababu mwalimu anaogopa kukosolewa na analijaza maneno. Majibu mawili yakipingana, mojawapo ndilo. "Hakuna jibu sahihi" halijawahi kuwa sahihi. Lenye neno "daima" au "kamwe" liache. Na swali la tisa huwa limejibiwa ndani ya swali la kumi na nne. Sikuwahi kukaa chini nikajifunza haya. Yameniingia tu, kama mtu anavyojua ngazi ipi ya nyumbani kwake inalia.

Mwenye Vishale alifurahi sana. Alisema kama ni kumi na saba kabla, basi baada ya video nitapata ishirini. Nikapata ishirini.

Jumatano, 9 Aprili
Kwa hiyo kumi na tisa ya Mwalimu haina kitu ndani. Ilikuwa kipimo cha mtu aliyezoea kupimwa. Na wale watoto themanini na kitu, wanaoambiwa tatizo ni wao, ndio waliosema kweli.

Sijamwambia. Nimepitia orodha. Somo la tatu, mwaka wa kwanza wangu kufanya hii kazi, ni la Marekebisho mwenyewe, alipokuwa akisomea shahada ya uzamivu. Nilimpa kumi na nane.

Ijumaa, 11 Aprili
Mvua. Sijamwambia.

Jumatatu, 14 Aprili
Ndoo. Sijamwambia.

Jumatano, 16 Aprili
Mwalimu alikuja kuazima projekta kwa darasa la tatu. Alishajaza fomu. Nilipokuwa nakunja waya nikaona ama niseme ama nimpe projekta akapoteze wiki nyingine mbili. Nikamwambia kuna jambo kuhusu ile alama yangu.

"Mzee, nina wiki sita. Sema."

"Sijui kontua ni nini."

"Ulipata kumi na tisa."

"Ndiyo. Na sijui."

Alicheka kwanza, akadhani ninamtania. Nikampa karatasi ya Mwenye Vishale, nikamweleza jinsi majibu marefu yanavyojitaja. Nikamchukulia karatasi yake mwenyewe nikamwonyesha swali la tisa na la kumi na nne. Mwishoni aliniuliza kwa nini sikusema tarehe 10 Machi. Nilimwambia tarehe 10 Machi nilikuwa najiona ninajua.

Ameacha projekta mezani akaondoka. Fomu imebaki na mimi, imesainiwa upande mmoja.

Nilidhani nitajisikia nafuu. Sijajisikia.

Ijumaa, 18 Aprili
Sikukanyaga kazini.

Jumanne, 22 Aprili
Nimeitwa na Marekebisho. Sijawahi kukaa kwenye kiti chake cha wageni. Ni kifupi kuliko chake. Alianza kwa kuniuliza habari za dari. Kisha akasema amesikia ninawachanganya wanafunzi wake. Nikajaribu kumweleza kuhusu majibu marefu. Alinisikiliza akiwa amefumba macho, na alipofumbua aliongea taratibu, kama mtu anayesomea mtoto imla.

"Mjaribiwa hana maoni," alisema. "Mjaribiwa ana alama."

Nikasema alama zenyewe ndizo ninazozizungumzia, na kwamba nilizitoa sitini na tano, ile ya kwake ikiwemo.

"Yangu ilikuwa tofauti."

Nikamuuliza ilikuwa somo gani. Nilitaka kuona kama mmoja wetu anakumbuka. Aliniambia nirudi kwenye vifaa.

Miaka kumi na moja nambebea projekta yake, naifuta vumbi kwa shati langu mwenyewe. Leo nilitamani kuiacha itumbukie kwenye lile shimo la nyuma.

Ijumaa, 25 Aprili
Mwalimu amerudi, saa nne asubuhi. Hakusalimia. Aliweka mezani ramani aliyoichora kwa penseli, kontua tupu, bila a wala b wala c. Akaniuliza mvua ikinyesha hapa, maji yataelekea wapi. Nikaweka kidole. Akaniuliza ukiwa na gunia kichwani utapandia upande gani usichoke. Nikaweka kidole. Maswali ishirini, yote ya kuweka kidole.

Nimepata matatu. Na matatu hayo nilibahatisha.

Nilikuwa nimejitayarisha aondoke tena. Alivuta pumzi, akasema tutaangalia video upya, akanyoosha mkono kuchukua rimoti. Hapo ndipo nilipogundua kitu cha kijinga kabisa: masomo sitini na tano, na sijawahi kuishika rimoti somo likiwa linaendelea. Naitunza mimi, betri naweka mimi, lakini somo likianza anaishika mwalimu. Nikamwambia nipe mimi.

Nilisimamisha dakika ya pili. Akauliza kuna nini, nikasema hapa umeniacha. Akaeleza. Nikaendelea, nikasimamisha tena. Kufika mara ya nne alikuwa amekasirika waziwazi.

"Lakini hilo nimeshalieleza."

"Umelieleza. Sijalielewa."

"Hujaelewa nini, sasa? Mstari unaunganisha sehemu zenye urefu sawa. Kuna ugumu gani?"

Nikamwambia ugumu ni kwamba sijui hiyo njia imetengenezwa na nani. Nani anayehangaika kuzunguka mlima mzima badala ya kupanda akashuka?

Alinitazama. Akaniuliza njia gani.

Basi ikajulikana. Tangu Machi nilidhani kontua ni njia za miguu. Mistari inayozunguka mlima, mimi naona watu wanapita. Na somo lote, kwa dakika kumi na nane, halikusema popote kwamba kwenye mlima wenyewe hakuna mstari wowote.

Tumeimaliza video kwa saa tatu kasoro robo. Nimesimamisha mara kumi na nne, na yeye ameandika kila dakika na kila sekunde. Alipoondoka alisema asante, lakini kwa sauti ya mtu anayelipa faini.

Jumatano, 30 Aprili
Amekwenda shuleni kwake bila projekta, na swali moja tu: mistari hii ni nini? Kati ya wanafunzi arobaini na wawili, ishirini na tisa wameandika barabara au njia. Ameniletea karatasi zenyewe nizione. Mtoto mmoja amechora na baiskeli.

Jumatatu, 5 Mei
Mvua imepumzika siku ya tatu. Nilikwenda nyuma ya jengo kumwaga ndoo, nikasimama pale shimoni na ndoo mkononi kama mtu aliyesahau alichofuata.

Maji yanapungua kidogo kidogo kila siku, na kila yanapotua yanaacha mstari wa povu na majani makavu kukizunguka kile kifusi. Mstari wa Jumamosi uko juu. Wa Jumapili chini yake. Wa leo bado unagusa maji. Upande ambao kifusi kimesimama wima, mistari imebanana. Upande ule walikomwaga udongo kwa toroli, ambao unateremka polepole, mistari imeachana.

Hakuna aliyepita pale. Ni maji tu yalikuwa sawa pande zote.

Nilimpigia Mwalimu simu. Akaja na viatu vya ofisini, akasimama kwenye tope, akaitazama mistari mmoja mmoja. Mwisho akasema amefundisha kontua miaka kumi na sita na hajawahi kuiona. Kisha akaniagiza kamera, upesi, kabla mvua haijarudi.

Jumanne, 6 Mei
Tumepiga picha, asubuhi na jioni.

Jumatano, 7 Mei
Mvua imerudi. Shimo limejaa. Picha tunazo.

Jumanne, 13 Mei
Darasa la kidato cha pili limeonyeshwa video mpya. Ina dakika tisa na ina shimo letu. Rimoti walishika wanafunzi, wakipokezana kwa madawati. Maswali yalikuwa yale ya kuweka kidole. Kumi na nne kwa ishirini, kwa wastani. Amenipigia simu kuniambia. Nilikuwa juu ya ngazi nahamisha ndoo, karibu nianguke.

Ijumaa, 16 Mei
Marekebisho amekataa. Anasema tasnifu iliidhinishwa kupima video ya kwanza, siyo kutengeneza ya pili. Aondoe sura ya nne, ile inayoeleza rimoti na shimo, aache kumi na tisa ilivyo, aandike kwamba wanafunzi walikuwa na msingi dhaifu, naye atasaini kesho yake. Akiiacha sura hiyo, hasaini.

Jumatatu, 19 Mei
Mwalimu alikuja kukaa tu. Mvua ilikuwa inapiga bati mpaka tukawa tunaongea kwa kupandisha sauti. Ana siku kumi na moja. Aliniuliza mimi ningefanya nini.

Naandika nilichojibu ingawa sikipendi. Nilimwambia andika kumi na tisa, maliza, shika shahada yako, ukweli utakuja kuusema ukiwa na cheti. Nilimwonea huruma. Na pia, niwe mkweli, nilijionea huruma mimi: sura ya nne inaeleza kwa kurasa kumi na mbili jinsi mjaribiwa alivyokuwa hajui.

"Halafu wale arobaini na wawili?" alisema. "Nirudi nikawaambie imethibitika kitaalamu kwamba wao ni wajinga?"

Alichukua sura yake akaiweka ndani ya mfuko wa nailoni, akatoka kwenye mvua.

Ijumaa, 30 Mei
Ofisi ya usajili inafunga saa kumi. Saa tisa na dakika arobaini alikuwa bado mlangoni kwa Marekebisho na nakala nne kifuani. Mimi nilikuwa nimejipa kazi ya kufuta taa za ukumbini, zilizo safi. Mlango ulifunguka. Akaingia, akatoka. Marekebisho amesaini, ila mahali palipoandikwa "Nimekubali" amekata kwa kalamu nyekundu na kuandika "Nimeona".

Karani wa usajili aligeuza nakala mara mbili, akauliza kama hiyo inahesabika. Mwalimu akamwambia sahihi ni sahihi. Karani akapiga mhuri. Saa kumi kasoro dakika tatu.

Jumanne, 10 Juni
Utetezi wa tasnifu. Watahini watatu, mmoja mgeni kutoka chuo kingine, mama mwenye miwani ya kamba. Mimi nyuma kwenye projekta. Marekebisho alikaa karibu na dirisha akitazama nje.

Mtahini mmoja alishikilia saa nzima kwamba sura ya nne haimo kwenye pendekezo. Mwalimu alijibu, na hakuongea haraka hata mara moja. Kisha yule mgeni akauliza huyu mjaribiwa wa kumi na tisa na tatu ni nani. Mwalimu akasema amekaa nyuma, ndiye anayewasha projekta. Viti vyote viligeuka. Yule mama akaniuliza kontua ni nini.

Hapakuwa na majibu ya kuchagua. Nilisimama. Nilisema ni alama ambayo maji yangeiacha mlimani, kama yangefika pale yakatulia, halafu yakashuka kidogo, yakatulia tena. Kwamba ukienda mlimani hutaikuta. Kwamba palipobanana ukipanda na gunia utaumia. Nikakaa.

Uamuzi: amefaulu kwa marekebisho makubwa, miezi mitatu. Mtahini wa kwanza anataka sura ya nne iandikwe upya kuanzia neno la mwanzo. Lakini likizo yake imekwisha. Jumatatu anaingia darasani, na hayo marekebisho atayafanya akitoka huko, akiwa na madaftari ya watoto ya kusahihisha. Nilimsaidia kukunja nyaya. Nilimwambia pole. Akasema afadhali hivi; sasa ana watu arobaini na wawili wa kumsimamisha.

Yule mgeni aliuliza kuhusu yale masomo mengine sitini na nne. Mwenyekiti akasema litajadiliwa. Nimeuliza katibu lini. Hajui.

Ijumaa, 13 Juni
Mwenye Vishale amefaulu bila marekebisho yoyote.

Jumamosi, 14 Juni
Nimeangalia somo la arobaini na moja nyumbani kwenye kompyuta ya kazini, nikiwa na pasi mapajani. Nimesimamisha mara tisa. Mke wangu aliichomeka, akasogea nyuma hatua mbili, akangoja. Imewaka. Akachukua gauni la mteja akaanza kunyoosha.

Jumatatu, 23 Juni
Dari bado. Barua ya saba.

Saa tatu alikuja mwanafunzi mpya wa uzamili, dada mmoja mwenye haraka, ametumwa na Marekebisho. Somo la mzunguko wa damu, dakika ishirini na mbili. Aliweka karatasi ya maswali mezani, ishirini, a b c d, akaomba tumalize kabla ya saa nne kwa sababu ana kikao. Nikaipindua karatasi ikatazama chini. Nikafungua droo, nikatoa rimoti, nikaiweka upande wangu wa meza.

Akauliza hiyo ni ya nini. Nikamwambia akae, na ikiwezekana apige simu huko kwenye kikao.